Namna ya Kulitamka Cholmondeley Bila Kung'ata Ulimi

Kwanza, usilisome. Jina hili la ukoo lina herufi 12, na Waingereza wenyewe hulitamka "Chamli". Ukijaribu kuitendea haki kila herufi, watakutazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Tupa "l" ya kwanza, tupa "onde" yote, kisha kaza mwanzo. Umeshafuzu.

Sasa tafuta maana yake, nayo haipo kinywani, ipo ardhini. Cholmondeley ni kijiji cha Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1086 makarani wa Mfalme William wa Kwanza, waliokuwa wakiorodhesha mashamba ya nchi nzima, walikiandika Calmundelei. Humo amejificha mtu aliyeitwa Ceolmund, pamoja na neno la Kiingereza cha kale, "leah", yaani mahali palipo wazi msituni. Uwazi wa Ceolmund: basi! Ukoo uliomiliki mahali hapo ukajiita kwa jina la mahali.

Hapa usiwe na haraka, maana utamu wote uko hapa. Karne kwa karne midomo ilizimeza silabi zisizokazwa, na kalamu ikagoma kuzifuata. Wengine wakaandika walichosikia, ndipo tukapata Chumley na Cholmeley. Sir Roger Cholmeley, aliyeanzisha Shule ya Highgate, London, mwaka 1565, aliibeba tahajia hiyo nyingine. Kwa hiyo unapopekua vitabu vya parokia, ambazo ziliamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na maziko, tafuta kila namna ya kuliandika. Ukishikilia moja tu, utawazika watu ambao hawajafa na kuwakosa waliozaliwa.

Akitokea wa kukuuzia "ngao ya ukoo" ndani ya fremu ya dhahabu, funga pochi. Uingereza ngao hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake. Kufanana majina hakukupi haki yoyote. Wanaoshughulikia mambo hayo ni College of Arms, chombo kilichoundwa mwaka 1484.

Mwisho, fuata jina mpaka lilikofika. Hugh Cholmondeley ndiye yule Lord Delamere wa tatu, mlowezi ambaye barabara ya Nairobi iitwayo leo Kenyatta Avenue ilibeba cheo chake. Watu walimjua kwa cheo hicho, na hilo jina gumu likapita kimyakimya. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Jina lililoanzia kwenye kipande kimoja cha uwazi msituni likaja kukalia nchi ya watu wengine.

Vitabu vya majina huishia kwa Ceolmund. Wewe usiishie hapo: ukiandika maana ya Cholmondeley, andika na Njoro.