Nyekundu ya Nani?

"Waya ni waya, fundi," ananiambia mtunza stoo, huku akinisukumia waya wa shaba aliobakiza kwenye taa za ofisini. Mimi nimeomba waya wa themokapo aina ya K, wenye metali ileile ya sensa ya joto, nivute kutoka kwenye tanuri la biskuti hadi kwenye moduli ya PLC, kompyuta inayoongoza moto, ndani ya kabati. Nikiunga shaba yake pale kwenye kichwa cha sensa, penye nyuzi 60, na kabati langu lina nyuzi 30, kipimo kitapungua kwa nyuzi kama 30. PLC itaamini, itaongeza moto, nasi tutauza makaa kwenye pakiti.

Meneja uzalishaji naye ana yake. Anatazama PT100, sensa nyingine ya joto, yenye nyaya tatu, mbili rangi moja, anauliza kwa nini ninaharibu shaba. Mzee, kitu hiki kina omu 100 kwenye nyuzi sifuri na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Nusu omu ya njiani tu inatosha kuongeza zaidi ya nyuzi moja ya uongo. Waya wa tatu upo ili moduli ijue njia imekula kiasi gani, ikikate. Anatikisa kichwa kama aliyeelewa, kisha anauliza kama hauwezi kukaa akiba.

Hao nawavumilia. Ninaoshindwa kuwavumilia ni waliogawa rangi. Themokapo hiyohiyo ya K, ikiwa ya Kimarekani, njano ni chanya na nyekundu ni hasi. Ndiyo, nyekundu hasi! Ya zamani ya Kijerumani, nyekundu ni chanya, kijani hasi. Ya kiwango cha kimataifa cha IEC, kijani imepandishwa cheo kuwa chanya, hasi ni nyeupe. Waingereza wa zamani waliweka kahawia na buluu, rangi za umeme wa nyumbani, sijui walikuwa wanamtegea nani. Na kiwanda chetu hununua mitumba ya mataifa yote hayo. Ukigeuza nyaya, tanuri likichemka kioo kinaonyesha linapoa, na PLC, kwa utii wake, inazidisha moto.

Kwa hiyo rangi siziamini. Nachukua mita, naiweka kwenye milivolti, nachovya ncha ya sensa kwenye kitu cha moto, natazama namba inaelekea wapi. Kila nyuzi moja ni kama mikrovolti 41 tu, kwa hiyo maji ya uvuguvugu hayanisaidii. Na kitu cha moto kilicho karibu saa nne asubuhi ni chai yangu.

Juzi meneja alinikuta nimeinamia kikombe, waya mmoja kila mkono.

"Fundi, chai imekolea?"

"Bado, mzee. Inasoma hasi."