Februari Hakuna Watu

Mvua ina mamlaka yake ya kuitabiri. Watu hawana, ndiyo maana kazi hiyo ameichukua shemeji yangu, mume wa dada, mstaafu wa reli, mkazi wa Tura. Ana kaunta buku nene lenye jalada gumu, na humo ameuandika mwaka mzima wa Mkoa wa Tabora: lini gesti zinajaa, lini basi linapakia mpaka ubavuni mwa dereva, lini ukishuka stendi na begi lako wapiga debe watakugombania kwa kuwa vyumba vimekosa watu. Hajawahi kumiliki gesti. Lakini katika ukoo wetu hakuna anayekata tiketi kabla ya kupita kwake, kama mtu anavyopita kwa mganga, ila mganga huridhika na kuku. Shemeji hutaka usikilize maelezo mpaka mwisho.

Kumcheka ni rahisi, lakini mtu wa Tura hana haki hiyo. Kijiji chetu kimeishi kwa kukisia ujio wa watu. Enzi za misafara, aliyetoka pwani alivuka Ugogo akitozwa hongo hatua kwa hatua, akaingia Mgunda Mkali, pori la ukame ambalo mpagazi alilivuka kwa dua, kisha akatokea Tura, mlangoni mwa Unyamwezi, na hapo ndipo alipokuta mashamba na chakula cha kununua. Kirangozi mzuri alijua njia. Kirangozi hodari zaidi alijua na nani mwingine yuko njiani, maana misafara miwili ikikutana kwenye dimbwi moja, wa kwanza walikunywa maji na wa pili walikunywa lawama. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita hapa 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Stanley akapita Juni 1871. Wote walitaka kujua jambo moja tu: huko mbele kuna nafasi?

Kaunta buku la shemeji linajibu hivi. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa, usisogee mjini. Mteuzi akishapanga madaraja na chama cha msingi kikalipa, Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui yetu zote huingia Tabora kununua bati, pikipiki na, kwa baadhi ya wanaume, matatizo mapya. Agosti kuna Nanenane pale Ipuli, usisogee. Mwenge ukipita, usisogee. Tangu timu ya mji ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24, Simba au Yanga wakija uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, usisogee hata kwa miguu, siku hiyo mpaka benchi la kijiwe cha bodaboda lina mtu aliyelilipia. Desemba kila aliyewahi kuzaliwa huku anakumbuka kuwa alizaliwa huku.

Inabaki Februari. Tumbaku iko shambani na kwenye mabani, mkulima analala na moto wake. Mahitaji ya shule ya Januari yameshafagia mifuko. Mvua inanyesha. Shemeji alipiga mstari chini ya neno Februari, akaupiga tena, akatutazama sote.

"Februari hakuna watu."

Safari iliyotupeleka kwake kuuliza ilianzishwa na watoto. Mpwa wangu ana simu, na kwenye simu aliona mabwawa ya kuteleza ya Kunduchi, Dar es Salaam, kisha akavuka bahari mpaka kwenye bustani za michezo za Orlando, huko Marekani. Shemeji alipoambiwa kuwa Wamarekani hukaa na kalenda wakikadiria siku ipi bustani hizo zitakuwa tupu, uso ulimng'aa kwa furaha ya mtu aliyegundua ana ndugu ughaibuni. Akaomba asomewe zaidi. Akasomewa kwamba Walt Disney alipofungua bustani yake ya California tarehe 17 Julai 1955, siku hiyo ilikuwa ya wenye mialiko tu, lakini tiketi bandia zikasambaa, watu wakafurika, na lami iliyokuwa bado mbichi ikanasa visigino vya viatu vya akina mama.

"Julai!" shemeji alisema kwa masikitiko. "Tena Jumapili! Angeniuliza mimi."

Orlando hatukuwa na nauli yake, Kunduchi tulikuwa na nauli ya kwenda bila ya kurudi. Ikaamuliwa Tabora: watoto wale chipsi kuku, waone boma la Wajerumani na stesheni, kisha twende Kwihara kwenye tembe alimoishi Dk. Livingstone. Mama yangu akasema naye anakuja, maana amezeeka akisikia habari za huyo mzungu na hajaona hata mlango wake. Hapo safari ikapata uzito, kwa sababu mama yangu ni mkwe wa shemeji, na kwetu mtu na mkwewe huheshimiana kwa umbali. Tukaondoka Ijumaa. Barabara ni lami siku hizi, mvua ilikuwa ya kutosha kumfurahisha mtabiri, na kandokando watoto walikuwa wanapunga uyoga kwa mabasi. Nusu ya viti ilikuwa tupu. Shemeji alivihesabu kwa sauti.

Gesti ya kwanza dada wa mapokezi alisema, "Vimejaa, baba." Ya pili hakusema kitu, alitikisa kichwa tu bila kuinua macho kwenye simu. Ya tatu walitupa matumaini mpaka saa kumi na mbili jioni, kisha wakatunyang'anya. Ya nne kilikuwepo chumba kimoja.

Chumba kimoja ni afadhali kisiwepo kabisa. Ndani ya msafara wetu kuna mkwe na mkwewe. Shemeji aliposikia neno "kimoja" alirudi nyuma mpaka akatoka kizingitini na kusimama mvuani, ili isije ikadhaniwa hata kwa dakika moja kwamba amelifikiria. Mama naye akageukia ukutani akasoma bei ya soda. Dada wa mapokezi, ambaye bila shaka hatokei huku, akaongeza kwa wema kwamba kitanda ni kikubwa.

Ilikuwa lazima kujua nani katujazia mji. Shemeji, kutokea mlangoni, alinyoosha shingo akalisoma daftari la wageni juu chini, ufundi aliojifunza miaka ya reli. Jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi. Safu ya kazi ilikuwa na neno moja kutoka juu mpaka chini: mwalimu, mwalimu, mwalimu. Mmoja mkweli zaidi alikuwa ameongeza kwenye mabano: bado sijaajiriwa.

Kumbe mwanzoni mwa ule mwaka wa 2025 walimu wasio na ajira waliitwa kwenye usaili mikoani, na wa mkoa wetu walikuwa wamejaa pale ukumbini, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Pasi ilikuwa moja, na foleni ya mashati ilianzia kwenye swichi ikaishia uani. Binti mmoja amesimama mbele ya pipa la maji akiulizwa na mwenzake tofauti ya azimio la kazi na andalio la somo. Akijibu, anaangalia pipa machoni, kwa heshima kamili, akilifanya ndiye mwenyekiti wa jopo. Kijana mwingine alikuwa amevaa tai juu ya fulana, anaizoea. Mama alifungua kapu, akatoa michembe tuliyobeba ya njiani, akawagawia. Ndani ya dakika chache walikuwa wanamwita bibi, na sisi hatukuwa na kitanda wala michembe.

Kaunta buku likafunguliwa pale pale kwa taa ya simu. Hakuna safu ya walimu.

Mwanya huu ni wa kuangaliwa vizuri, kwa sababu si wa shemeji peke yake. Kalenda ya kupungua kwa watu wameibuni watu wa matembezi, na inafaa mahali ambapo vitanda vinajazwa na watu wa matembezi. Mji wa bara ni mwingine. Gesti za Tabora hulalwa na mwenye kesi ya shamba, mwenye mgonjwa hospitali ya Kitete, mwenye semina, mwenye msiba, mwenye usaili. Hao hawasafiri kwa sababu hali ya hewa ni nzuri, wanasafiri kwa sababu wameitwa. Shida haina msimu, na mtu wa starehe hupata chumba baada ya wenye shida kukosekana. Ndivyo mji huu ulivyo tangu zamani, watu hawaujii kustarehe bali hunasa humo. Burton na Speke walikuwa wapitaji, wakakaa zaidi ya mwezi wakikirimiwa na Snay bin Amir. Stanley naye alikuwa na haraka zake, vita ya Mirambo na Waarabu ikamweka karibu miezi mitatu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyelala gesti. Walilala kwa mtu.

Mama ndiye aliyeyakumbuka hayo, si kwa kusoma vitabu, bali kwa kushika simu. Isevya, mle mle mjini, kuna mzee wa Kizaramo aliyeoa huku, mtani wetu. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni mali ya ile njia ya misafara, na mali hiyo haijaisha muda. Alitupokea akiwa amesimama mlangoni kwa makusudi.

"Wanyamwezi hawa! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, nyinyi mmeshindwa kubeba begi mpaka gesti?"

"Na babu zako walikuwa wamekaa wanangoja kubebewa," mama akajibu. "Sogea tupite, mvua inanyesha."

Tukala ugali kwa uyoga, ule ule tulioukataa njiani kwa kuona bei kubwa. Wanawake na watoto wakapewa chumba, wanaume tukapewa sebule, heshima ya ukwe ikasimama. Kulipokucha mtani akaja na jembe. Tukamkumbusha kuwa mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Akasema anajua, ila siku ya tatu tutakuwa tumeshatoroka, na mahindi yake nyuma ya nyumba yanataka palizi sasa hivi. Shemeji alipalilia mistari yote bila neno.

Kwihara tulifika mchana. Tembe limetulia, milango yake mizito ya nakshi iko wazi, na ukimwondoa mtunzaji hapakuwa na binadamu mwingine. Hapakuwa na foleni wala kelele. Shemeji alisimama katikati ya ua, akafungua mikono.

"Nilisema nini? Februari hakuna watu!"

Na ilikuwa kweli tupu. Utabiri ulikuwa umetimia asilimia mia, ila kwenye upande usiolalwa. Mtunzaji akatueleza kwamba Stanley alipoondoka hapa mara ya mwisho, Machi 1872, Livingstone alibaki akingoja wapagazi kutoka pwani, akangoja mpaka Agosti. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkwewe kwa upole.

"Baba, huyu naye ni nani aliyemwambia Machi hakuna watu?"

Siku hizi kaunta buku lina ukurasa mpya. Shemeji amegundua kwamba mtu yeyote aliyeitwa mjini, awe wa usaili, wa kesi au wa semina, lazima atoe nakala za karatasi zake, kwa hiyo kabla ya safari hampigii mtu wa gesti, humpigia kijana wa steshenari karibu na stendi na kumuuliza hali ya wino. Kijana alishangaa mwanzoni, sasa amezoea. Akiona namba ya Tura hangoji hata salamu: "Shikamoo mzee, leo mashine imelala. Njooni."

Alitutia moyo hivyo juzi, tukafunga mizigo. Steshenari yenyewe, tulivyokuja kuelewa, ilikuwa imekatikiwa umeme.