Mbaazi Darini

Mama alipiga simu Jumatano usiku, nikiwa nimejilaza kwenye kochi natafuta namna ya kumuua mtu. Mtu mwenyewe alikuwa ukurasa wa 90 wa mswada wangu, na nilikuwa nimeshampunguzia njia: ama gari, ama mto, ama homa ya ghafla.

"Nimeshakata tikiti," Mama akasema. "Ijumaa n'takuwa kwako. Usihangaike na mapochopocho. Nipikie mbaazi za nazi tu, mahamri n'takuja nayo mwenyewe." Akakata. Mama hazungumzi na simu, huipa amri.

Mwenzangu alikuwa anapiga pasi. "Nani huyo?"

"Mama. Keshokutwa."

Pasi ikatulia juu ya shati mpaka tukasikia harufu.

Humu nitamwita Mwenzangu kwa sababu ndivyo ninavyomwita nyumbani, na kwa sababu neno lenyewe lina adabu zake: halisemi mume, halisemi mke, halisemi mpangaji. Tunaishi wawili South B, Nairobi, katika nyumba ya vyumba viwili. Kimoja tunalala. Cha pili kina meza yangu, vitabu, na baiskeli isiyo na mnyororo. Mama mwenye nyumba anajua sisi ni mabinamu. Msimamizi wa ploti anajua tunafanya kazi pamoja. Mama wa ghorofa ya chini ameamua mimi ni mwalimu na yule mrefu ni ndugu yangu wa kambo. Na mama yangu, kwa miaka mitano sasa, anajua kuna "kijana tunayesaidiana kodi". Hadithi nne kwa nyumba moja, na hakuna hata moja niliyolipwa.

Kazi yangu ni kuandika hadithi, na kwa mtu wa namna yangu Kiswahili ni maficho mazuri sana. Wakati fulani nilichapisha hadithi ya mapenzi kurasa kumi na mbili. Alinisubiri kituoni, alinikaangia samaki, alininunia siku mbili kwa sababu ya taulo. Hiyo *a* ya mwanzo haina ndevu wala hereni. Mhariri alinipigia simu kunipongeza, kisha akanishauri: "Ila huyo binti mpe jina." Sikuwa nimeandika binti popote. Binti alimleta mwenyewe kutoka kwake.

Lakini lugha hiyohiyo inayokusitiri kwenye viambishi itakuanika kwenye kitenzi kimoja. Lazima mmoja aoe na mwingine aolewe. Kuna kuoana, lakini ukiliandika tu msomaji anataka kujua nani kamuoa nani. Nimewahi kukaa alasiri nzima nikikizunguka kitenzi hicho kama paka anayezunguka maji, nikaishia kuandika kwamba wale wawili walianza kupika chungu kimoja. Mhariri akasema ni tamathali nzuri. Ilikuwa taarifa.

Alhamisi basi, badala ya kuroweka mbaazi, nilitengeneza hadithi ya tano. Tulinunua godoro la futi tatu na nusu kwa sita, likaja nyumbani limelaliwa na mwendesha bodaboda kwa tumbo. Baiskeli tukaihamishia kwenye roshani. Chumba cha pili kikawa cha Mwenzangu. Nilifanya kazi ya uhakika mle ndani kuliko sura yoyote niliyoandika mwaka ule: viatu vyake kando ya godoro, kimoja kimelala ubavu, chaja ukutani, kitabu kimekunjwa katikati, kopo la mafuta ya mgando lililochotwa nusu. Nilitundika hata shati lililoungua pasi, kwa sababu mtu wa kweli huwa na shati lililoungua.

Mwenzangu alisimama mlangoni akinitazama.

"Kwa hiyo mimi ni mpangaji."

"Wewe ni mhusika," nikamwambia.

Hakucheka. Alichukua mto wake kutoka chumba chetu, akautupa juu ya lile godoro, akasema, "Umeusahau huu," akaenda kuoga. Tulilala saa saba, tukiwa na mto mmoja kati yetu. Mbaazi zilikuwa bado kwenye mfuko wake juu ya kabati, kavu kama changarawe.

Wasiozijua mbaazi za Pwani wanadhani ni mboga tu ya kulia mahamri. Mama huziroweka tangu usiku, asubuhi anazichemsha kwa moto wa taratibu mpaka zibonyee kati ya vidole viwili. Anatia kitunguu, manjano, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, kisha tui jepesi, lile la mkamuo wa pili. Kasimele linakuja mwisho kabisa, na likishaingia hafuniki wala haondoki, anakoroga kwa upande mmoja, kwa sababu tui likikatika hakuna dawa. Nikiwa mdogo nilikaa juu ya mbuzi nikikuna nazi huku yeye akizungumza na jirani kwa dirisha. "Shoga, leo wapika nini?" "Shoga yangu, hata sijui." Neno hilo nililisikia kwanza hivyo, likiwa na harufu ya kitunguu, likimaanisha mwanamke unayempenda kiasi cha kumkopesha chumvi bila kuhesabu. Nilipofika sekondari nikalikuta bwenini limegeuzwa jiwe. Nilishangaa zaidi ya kuumia. Nilitaka kuwaambia wale wavulana kwamba wamekosea, hilo ni la Mama na jirani yake.

Ijumaa nikaamka na mbaazi kavu na treni iliyokwisha kutoka Mombasa. Ndipo nikaitoa presha kuka.

Presha kuka ni chombo cha haki, tatizo ni wapishi. Kwa kuufungia mvuke, joto la ndani hupanda hadi kama nyuzi 120 badala ya 100, na kunde iliyotaka saa kadhaa inalainika chini ya saa moja. Masharti yake ni machache, na la kwanza ni kwamba mbegu za jamii ya kunde zisipite nusu ya sufuria, maana hutoa povu na maganda yake huelea juu. Ganda moja likikaa kwenye kile kitundu cha mvuke, mvuke hauna pa kutokea. Mimi nilijaza robo tatu. Mama hali mbaazi peke yake, angetaka kuwapelekea majirani ambao hajawahi kuwaona.

Nikawasha gesi, nikakuna nazi mbili (moja ilikuwa mbovu), nikakamua, kisha nikafanya kosa la pili: nikafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni.

Alice B. Toklas aliishi Paris na mwandishi Gertrude Stein miaka karibu arobaini, na mwaka 1954 akatoa kitabu cha mapishi ambacho ndani yake anasimulia alivyomuua samaki mzima jikoni kwake, kwa uzito uleule wa msimuliaji wa kesi za mauaji. Katika nyumba yao mmoja aliandika na mwingine akapika. Kwetu kazi zote mbili nilizitaka mimi, saa ileile.

Na nilikuwa na mtu wa kumuua. Wahusika kama sisi hufa sana. Ukifungua kitabu ukawakuta wanaume wawili wamependana, tafuta sanda mapema. James Baldwin mwenyewe, mwaka 1956, alimpeleka Giovanni wake kwenye kisu cha kukatia vichwa. Yeye alikuwa na sababu zake na kipaji chake. Mimi, nikijichunguza vizuri, nilikuwa namuua wangu kwa uvivu. Walikuwa wameshakutana, wameshagombana, wameshapatana, na sikujua watu wawili wanafanya nini baada ya hapo.

Presha ikawa inapiga filimbi. Nikaandika. Halafu filimbi ikanyamaza. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilifurahia utulivu, nikaongeza aya mbili.

Sauti yenyewe haikuwa ya mlipuko kama wa sinema. Ilikuwa *fyu!* moja ndefu, kile kizibo kidogo cha usalama pembeni ya kifuniko kikachomoka na mbaazi zikapaa kwa mstari mmoja mwembamba mpaka darini, kisha zikatandaa. Zilinata juu, zikateremka ukutani, zikaingia kwenye chujio la tui. Mvuke ukajaa, nami nikabaki nimeketi, mikono juu ya vitufe, kama mtu anayepigwa picha.

Mwenzangu alikuja mbio na povu la sabuni masikioni. Alizima gesi kwanza. Kisha akanishika uso kwa viganja viwili, akaugeuza huku na huku, akanikagua masikio, shingo, mikono, kidole kimoja kimoja, bila kusema neno. Akatoa ganda la mbaazi kwenye nyusi yangu.

"Umeungua?"

"Herufi A haifanyi kazi," nikamjibu. Na kweli, mbaazi ilikuwa imeingia chini ya kitufe. Jaribu kuandika Kiswahili bila A. Hakuna aliyempenda mtu, hakuna hata aliyekufa.

Hapo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu godoro.

Tulifungua mlango wa nje ili mvuke utoke. Nikapanda juu ya meza na mwiko wa ugali kukwangua dari, na kwa kuwa meza yetu ina mguu mmoja mfupi, Mwenzangu alinikumbatia mapaja nisianguke, shavu lake kwenye kiuno changu, mbaazi zikimdondokea kichwani. Mama alitukuta hivyo. Teksi ilikuwa imekuja haraka.

"Hodi," akasema, ndani tayari, kapu la mahamri mkononi. Akatazama juu. Akatutazama sisi. "Mwapika ama mwapaka rangi?"

"Shikamoo Mama," tukasema kwa pamoja, kutoka urefu tofauti.

"Marahaba. Shuka huko, utavunjika."

Alivua baibui, akajifunga leso kiunoni. Leso ina maneno yake, nami nilijaribu kuyasoma kama mtu anayesoma hukumu, lakini alikuwa amelikunja pindo katikati ya sentensi. Alizionja mbaazi zilizobaki kwenye sufuria, zile ambazo hazikupaa. "Zimeiva," akasema kwa mshangao. Akamtuma Mwenzangu akanunue nazi nyingine na akamkataza kununua ya unga. Aliporudi akamweka kwenye mbuzi, mimi akanipa vitunguu. Nikasikia akimwelekeza, "Sikune mpaka kwenye kifuu, baba, tui lawa jeusi," kwa sauti ileile aliyokuwa akinielekeza mimi nikiwa na miaka minane.

Nilipokuwa nakata vitunguu nilimkumbuka Binyavanga Wainaina. Januari 2014 aliandika habari ambayo ndani yake yuko kando ya kitanda cha mama yake anayekata roho, anamwambia yeye ni nani. Mama yake alikuwa amefariki mwaka 2000 na mazungumzo hayo hayakuwahi kuwako. Ilibidi mtu abuni ili aseme kweli. Niliisoma kwenye simu ndani ya matatu, nikapitiliza kituo changu na vingine viwili. Watu wanalitaja tangazo lile na wanasahau kwamba alikuwa mtu wa jikoni. Kabla ya tuzo ya Caine ya mwaka 2002 alikuwa akiishi Afrika Kusini akipika na kuandika kuhusu chakula, na alikusanya mapishi ya Kiafrika zaidi ya 13,000. Alifariki Mei 21, 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Nairobi ikakataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai. Cha kwanza kina kifungo cha hadi miaka 14. Ukipiga hesabu hiyo, godoro la tatu na nusu ni bei nafuu.

Tulikula sakafuni, watu watatu, sinia moja. Pilipili nzima ilikuwa inaelea juu ya kasimele na tui halikukatika. Mama alimsogezea Mwenzangu hamri la mwisho, naye akaligawa vipande viwili, akaniwekea kimoja bila kunitazama, kama anavyofanya kila siku. Niliona mkono wake umeshafika kwangu ndipo sote wawili tukakumbuka. Mama alikuwa anatazama dari.

Usiku nilimpa Mama chumba chetu. Akakataa. "Mimi n'talala hapa," akasema, akaingia kwenye ile kazi yangu bora, akafunga mlango. Mwenzangu ilibidi alale kwangu, nikasema kwa sauti ya kutosha kusikika, maana kochi ni fupi na yeye ni mrefu. Hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi alikuwa ameshapika chai.

"Umelalaje, Mama?"

"Sikulala. Lile godoro usiku kucha kelele. Nikigeuka, kwaru. Nikipumua, kwaru." Akapuliza chai. "Lina nailoni yake, kama lilivyotoka dukani."

Viatu nilivikumbuka. Chaja, mafuta, kitabu, hata shati lililoungua. Shuka niliitandika mwenyewe juu ya ile nailoni, nikiwa nafikiria viatu.

"Kwani kule hulala nani?" Mama akauliza.

Mimi ndiye mwandishi. Nilifungua mdomo na sikupata hata mwanzo wa sentensi.

"Hakuna, Mama," Mwenzangu akasema.

Mama akachovya hamri la jana kwenye chai, akalila polepole, akafuta vidole kwa pindo la leso.

"Basi ni langu. Litoeni nailoni. N'kija tena silali juu ya mfuko."

Mwenzangu akainuka kutafuta mkasi.