Namna ya Kumnyima Fundi Formati: Kuihamishia Laptopu ya Linux kwenye UEFI

Hatua ya kwanza haigusi kompyuta kabisa. Mtafute yule rafiki wa karibu na meza yako anayependa kupiga formati, mpe hela ya chai, umwambie chai nzuri iko Koboko. Kutoka hapa Arua ni lami, kilomita hamsini na kitu. Akifika, akinywa, akisalimiana na watu wa mpakani na kurudi, wewe utakuwa umemaliza, na diski haitakuwa imeguswa na mtu mwenye haraka.

Simchukii. Lakini formati imekuwa dawa ya kila ugonjwa kwenye vibanda vyetu. Virusi, formati. Mashine nzito, formati. Linux haiwaki, formati, halafu ndipo bei inatajwa. Mwenye laptopu anaulizwa swali moja tu: "Kuna kitu cha maana humu?" Naye, kwa kuogopa kusumbua, anajibu hakuna. Kumbe humo mna maswali ya mitihani ya mwalimu, hesabu za mikopo ya kikundi cha akina mama, na orodha ya maneno ya Kikakwa ambayo mzee fulani anaikusanya na hana nakala yake popote. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mafaili hayo. UEFI ni kisingizio tu cha kuyalinda.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 iliwaka kwa programu ndogo iitwayo BIOS, na miaka miwili baadaye diski ngumu zikapata jedwali la MBR, lenye nafasi nne za sehemu kuu na lisiloweza kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 kwenye diski za kawaida. Jedwali hilo limeishi muda mrefu kuliko alivyotarajia yeyote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Intel wakaanza EFI, mwaka 2005 makampuni yakakaa pamoja chini ya jina la UEFI, na mwaka 2017 Intel wakatangaza kwamba kufikia 2020 wangeacha kuibeba njia ya zamani. Ndiyo maana laptopu nyingi za kipindi cha katikati, zile ThinkPad, Dell na HP za mtumba zinazopanda huku West Nile kutoka Kampala, zinajua njia zote mbili, na zile mpya zinajua moja tu.

Utaniuliza: kama Linux imewekwa kwa njia ya zamani na inawaka vizuri, kwa nini niiguse? Kwa sababu hapa kwetu diski huishi kuliko laptopu. Bawaba zitavunjika, au umeme utarudi kwa kishindo na kuunguza ubao, halafu fundi atatoa diski na kuitia kwenye laptopu mpya kidogo. Laptopu hiyo itatafuta sehemu ya EFI, kipande kidogo cha diski chenye programu ya kuwashia, haitaiona, itaandika kwenye kioo kwamba hakuna mfumo wa kuwasha. Mwenye mali ataamini kazi yake imepotea, na formati itapigwa juu ya mafaili mazima kabisa. Basi hamisha leo, mashine ikiwa hai na wewe ukiwa mtulivu. Faida nyingine ni kwamba masasisho ya programu ya ubao wenyewe, yanayoletwa kwenye Linux na fwupd, kwa kawaida hupitia UEFI.

Kabla ya kuandika amri yoyote, ongea na betri. West Nile iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na, tangu 2012, bwawa dogo la Nyagak huko Zombo, megawati 3.5. Sasa laini ya kilovolti 132 imefika Arua, lakini kufika kwa laini hakukupi ahadi ya saa nzima bila giza. Chomoa chaja, tumia laptopu nusu saa, uone. Ikizima, usianze, azima betri, au ifanye kazi hiyo kwenye sola yenye betri yake. Sehemu ya EFI hutumia FAT32, mfumo usioweka kumbukumbu ya kazi iliyokatika katikati, na jedwali la diski likikatizwa wakati linaandikwa ni usiku mrefu kwako.

Fungua terminali uandike `ls /sys/firmware/efi`. Ukijibiwa kwamba hakuna kitu hicho, mashine imewaka kwa njia ya zamani, na mgonjwa ni wako. Andika `uname -m`. Ukiona x86_64, endelea. Kisha `lsblk -f`, na jibu lake lipige picha kwa simu. Usiseme utalikumbuka. Ile mistari mirefu ya herufi na tarakimu, UUID, utaihitaji baadaye.

Hapo kwenye picha kaa kidogo, kwa sababu ndipo watu huumia. Linux nyingi zilizowekwa zamani kwa Ubuntu au Debian zina sura moja: sda1 ni ext4, ndiyo nyumba yote, sda2 ni sehemu ya nje inayobeba nyingine, na ndani yake kuna sda5, ambayo ni swap, nafasi ya kusaidia RAM ikijaa. Sura hiyo ndiyo tunayoitengeneza hapa, na ni bahati kubwa, nitakueleza kwa nini. Lakini kuna sura nyingine inayofanana nayo kwa haraka haraka: sda1 ndogo ya /boot, na sda5 kubwa iliyoandikwa LVM2_member au crypto_LUKS. Humo ndimo mna kila kitu cha mwenye mashine. Ukiifuata amri ya kufuta sda5 kwenye mashine ya namna hiyo, umepiga formati kwa jina lingine. Ukiona maneno hayo mawili, funga mwongozo huu, nakili mafaili, utafute njia nyingine. Na kama diski ni ya NVMe, majina yatakuwa kama nvme0n1p1. Soma unachokiona, usisome nilichoandika mimi.

Nakala. Nakili folda ya /home kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye nakala yenyewe uyaone yanasomeka. Halafu hifadhi sura ya diski: `sudo sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt`, na megabaiti ya kwanza: `sudo dd if=/dev/sda of=mwanzo.img bs=1M count=1`. Vyote viwili viende kwenye flashi ambayo si ile utakayowashia. Vikiwa salama, unaweza kurudi ulikotoka hata ukiwa umeharibu jedwali, ilimradi hujaandika kitu juu ya sda1.

Sasa ingia kwenye mipangilio ya mashine: F1 kwenye ThinkPad nyingi, F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP. Chagua UEFI. Secure Boot izime kwa muda. Chomeka flashi ya Linux, na kwenye orodha ya kuwashia (F12, au F9 kwa HP) chagua ule mstari wa flashi ulioandikwa UEFI. Mara nyingi flashi ileile hutokea mara mbili, na ukichagua ule wa njia ya zamani hatua zote zinazofuata zitakataa bila kukueleza sababu. Kwa hiyo rudia `ls /sys/firmware/efi`. Safari hii lazima kuwe na mafaili.

Andika `sudo swapoff -a`, kwa sababu Linux ya kwenye flashi huweza kuichukua swap ya diski yako bila kuuliza. Kisha kwa `sudo fdisk /dev/sda` futa sda5, halafu sda2, uhifadhi. Hapa ndipo bahati niliyoitaja. Tunahitaji nafasi ya sehemu ya EFI, na swap ndiyo nafasi pekee kwenye diski isiyo na kumbukumbu za mtu. Tena swap ya aina hii hukaa mwisho wa diski, na GPT, jedwali jipya, huweka nakala yake ya akiba kwenye sekta 33 za mwisho kabisa. Kwa kufuta swap umepata vyote viwili, wala hujaigusa sda1.

Amri inayoogopesha ni fupi: `sudo sgdisk -g /dev/sda`. Nikueleze inachofanya, kwa sababu fundi anayejua hana haja ya kushika kichwa. Sda1 kwa kawaida huanzia sekta ya 2048. Sekta zilizo kabla ya hapo hazina faili hata moja. Kwenye njia ya zamani GRUB, programu inayoiwasha Linux, huficha humo sehemu yake ya pili. GPT inachukua sekta 34 za mwanzo na kukaa humohumo. Kwa hiyo data haiguswi, ila GRUB ya zamani inafutwa papo hapo. Kuanzia sekunde hiyo laptopu haiwezi tena kuwaka kwa njia ya zamani, na haijaweza kuwaka kwa mpya. Usizime. Usikubali mtu akwambie "hebu jaribu kuiwasha tuone". Mwenye mashine, tuseme ni yule mwalimu wa maswali ya mitihani, akiuliza kumeendaje, mjibu kwa adabu: "Mwalimu, bado niko katikati, nipe muda kidogo."

Tengeneza sehemu mbili: `sudo sgdisk -n 2:0:+512M -t 2:ef00 -n 3:0:0 -t 3:8200 /dev/sda`. Kisha `sudo mkfs.fat -F 32 /dev/sda2`. Kwa swap, rudi kwenye picha ya simu, uchukue UUID ya swap ya zamani, uandike `sudo mkswap -U` ukifuatisha UUID hiyo na /dev/sda3. Wengi huruka hapo. Swap ikizaliwa na UUID mpya, Linux itaitafuta ile ya zamani kila asubuhi na kusimama sekunde 90 ikisubiri, na mwalimu ataamini kwamba umemharibia mashine. Ukiipa jina lake la zamani, hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuondoka.

Baada ya hapo unaingia ndani ya Linux ya diski ukiwa bado umesimama kwenye flashi. `sudo mount /dev/sda1 /mnt`, kisha `sudo mkdir -p /mnt/boot/efi`, kisha `sudo mount /dev/sda2 /mnt/boot/efi`. Leta /dev, /proc, /sys na /run ndani ya /mnt, moja moja, kwa `sudo mount --rbind /dev /mnt/dev` na wenzake. Halafu `sudo chroot /mnt`. Sasa amri zako zinafika kwenye diski ya mwalimu.

Intaneti utaihitaji kidogo tu. `apt update`, kisha `apt install grub-efi-amd64 shim-signed efibootmgr`. Grub-pc ya zamani itaondolewa, na ndivyo tunavyotaka. Linganisha na formati: kupakua Linux Mint nzima ni karibu gigabaiti 3, halafu programu zote, halafu masasisho. Kwa mtu anayenunua bando kwa siku, formati ni gharama ambayo fundi haiandiki kwenye risiti.

Andika `grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi`, kisha `update-grub`. Soma UUID fupi ya sda2 kwa `blkid`, ile ya tarakimu na herufi nane zenye kistari katikati, uongeze kwenye /etc/fstab mstari mmoja: UUID= na hiyo namba, /boot/efi, vfat, umask=0077, 0, 1. Usipouongeza mashine itawaka leo, lakini siku GRUB itakaposasishwa haitapata mahali pa kuandika.

Kisha rudia grub-install, sasa ukiongeza `--removable`. Njia ya kawaida huandika jina la Linux kwenye kumbukumbu ya ubao wa laptopu hii. Diski ikihamia kwenye ubao mwingine, jina hilo halihami nayo. Kwa `--removable`, GRUB huwekwa pia kwenye EFI/BOOT kwa jina la BOOTX64.EFI, faili ambalo mashine za UEFI hulitafuta zikikosa maelekezo mengine. Umeanza kazi hii ukifikiria siku laptopu itakapokufa. Amri hii ndiyo inayoishughulikia siku hiyo. Usiiruke hata kama kila kitu kimeshawaka.

Toka kwenye chroot, zima, chomoa flashi, washa. Ikiwaka, `efibootmgr` itakuonyesha mstari mpya, na `free -h` itakuonyesha swap iko kazini. Rudi kwenye mipangilio, washa Secure Boot, jaribu tena. Ikikataa, izime na umwambie mwenyewe wazi kwamba umeiacha imezimwa.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni, kilichopokea darasa lake la kwanza mwaka 2013 kikianza na masomo ya teknolojia ya habari, wanaweza kuifanya kazi hii mchana mmoja, na ningependa vibanda vya Arua viwape nafasi ya kuifanya. Mteja naye afundishwe kusema, kabla ya kuacha mashine mezani: "Humu mna kazi yangu yote, usifute chochote bila kuniuliza." Fundi asikasirike akiambiwa hivyo.

Mpe mwalimu laptopu afungue mwenyewe: maswali ya mitihani, picha, barua. Aitumie kidogo chaja ikiwa imechomolewa, aizime, aiwashe tena kwa mkono wake. Akiridhika, mpe na ile flashi yenye jedwali.txt na mwanzo.img, umweleze ni ya nini. Kisha, mbele ya macho yake, futa nakala ya /home kwenye diski yako. Ni kazi yake, haina sababu ya kubaki kwako.