Kikombe Kimoja, Makosa Matatu

Marudio ya sarufi ya Kiingereza katika madarasa ya Kericho na Bomet huanza na nomino, na matata huanzia papo hapo. Kwa Waingereza, chai, maji na maziwa havihesabiki, kwa hiyo hupewa kitenzi cha umoja. Katika Kikipsigis, lugha ya huko, "chaik", "beek" na "chego" ni maneno ya wingi. Mwanafunzi anayeandika "teas are hot" amefuata sarufi barabara, ila si ile iliyo ubaoni. Kikombe kimoja cha chai ya maziwa humpatia makosa matatu kabla hajatia sukari.

Viwakilishi hufuata. Kiswahili kina "yeye", Kikipsigis kina "inendet", na hakuna kati yavyo kinachouliza jinsia. Kiingereza huuliza. Ndiyo maana katika insha ya kumsifu mzazi, baba hutoka nyumbani asubuhi akiwa "he", hufika sokoni akiwa "she", na jioni hurudi mwanamume, wala nyumbani hashangai mtu.

Kwenye vitenzi, "pick" hakina taabu: huongezwa -ed, kazi ikaisha. Shida ni "cut", ambacho jana na leo ni kilekile. Mtoto wa huku ameona mchai ukipogolewa, jambo linalofanywa kila baada ya miaka mitatu au minne, ukabaki vijiti vitupu. Anajua kwamba kitu kikikatwa hubadilika, basi huandika "cutted".

Imla huleta mtihani wake. Kikipsigis hakitenganishi p na b, wala k na g, kama Kiingereza kinavyofanya. Mwalimu husoma "big", darasa huandika "pick", na mkulima mkubwa wa kwenye sentensi hugeuka mchumaji.

Istilahi za fasihi huja baadaye, kwani katika mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari hutahiniwa pamoja na sarufi kwenye karatasi ya pili yenye alama 80. Tashbihi ya vitabuni ni weupe wa theluji. Theluji haijulikani huku. Kinachojulikana ni mvua ya mawe, nayo huacha shamba jeupe na majani yamechanikachanika. Kwa hiyo bibi harusi anayefananishwa na weupe huo huwa amefananishwa na hasara.

Chuku na kinaya havichukui muda. Chuku ni bonasi ya chai ya wakulima inavyosimuliwa kabla ya kulipwa. Kinaya ni bonasi hiyohiyo ikishalipwa.

Tanakali za sauti huachwa hadi mwisho, yaani alasiri, saa ambayo mvua ya Kericho hupenda kunyesha. Mwalimu huomba mfano mmoja. Mabati hujibu kabla ya wanafunzi, kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu, hadi kengele ipigwe bila kusikika.