Jinsi ya Kujichagulia Ndege ya Nyikani Bila Kusumbuliwa na Akili

Kabla hujatazama ndege yoyote, tafuta kisingizio. Mtu mzima hanunui ndege kwa sababu tu ameipenda. Majirani watasema, na nyumbani utaulizwa karo ya watoto iko wapi. Sema una shamba Laikipia, au una shemeji mwenye kambi ya watalii kando ya Mto Rufiji. Kama shemeji hana kambi, mshawishi aifungue.

Kisingizio kikisimama, moyo utakimbilia Piper Super Cub. Ilianza kuundwa mwaka 1949, ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na mwili wake ni mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa. Ndiyo, kitambaa. Marubani wa Alaska huitua kwenye changarawe za mitoni, na Shirika la Wanyamapori la Kenya limeitumia kuwasaka majangili. Mwendo wake ni kama kilomita 180 kwa saa, sawa na Prado ya mheshimiwa aliyechelewa mkutano Nakuru. Inabeba wewe, abiria mmoja mwembamba na miswaki yenu. Mwenzi wako atatazama kisogo chako kwa karibu saa tatu, kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Lamu, na mkishatua atakuwa na maoni.

Ukiulizwa unataka gurudumu dogo liwe mkiani au puani, jibu upesi: mkiani! Sababu za haki zipo. Propela inakaa juu, mbali na mawe, na hakuna mguu wa mbele wa kuvunjikia kwenye shimo la ngiri. Ila kitovu cha uzito wa ndege hiyo kiko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ukizembea kidogo wakati wa kutua, mkia unataka kutangulia. Watazamaji hufurahi sana. Kampuni ya bima haifurahi. Kisha agiza matairi mapana ya Alaska, yale ya inchi 31. Yatakupunguzia mwendo angani, lakini ndege itakayoishi kwenye lami inahitaji kupendeza pichani.

Habari za mwinuko usizisome, zitakuharibia siku. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo farasi 150 uliowalipia wanabaki kama 125 hata kabla hujaondoka. Jua la saa nane mchana huko Maasai Mara linawapunguza tena. Ule uwanja mfupi uliouona kwenye video ya Alaska, ambako rubani alitumia hatua chache tu, ulikuwa karibu na usawa wa bahari, kwenye baridi, na upepo ukimjia usoni.

Mwenye familia ataambiwa achukue Cessna 180 au 185. Ni ndege nzuri, na mkia wake una tabia ileile.

Mwenye heshima zake atataka de Havilland Beaver, iliyoruka mara ya kwanza Canada mwaka 1947. Injini yake ya duara ina silinda tisa na nguvu za farasi 450, na mdomo wa kujazia oili uko ndani, chumbani mwa rubani, ili uongeze mkiwa hewani. Aliyeibuni alijua anachokifanya, nawe ungepaswa kujiuliza kwa nini alijua. Uundaji wake ulikoma mwaka 1967, basi tafuta fundi mwenye mvi. Tafuta pia petroli ya ndege, ambayo ni ghali na adimu ukitoka miji mikubwa. Kampuni za safari hazikupenda Cessna Caravan kwa sura yake. Inatumia mafuta yaleyale ya ndege kubwa, na hayo yanapatikana.

Kuhusu rangi, mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliipaka Dornier Do 27 yao milia ya pundamilia walipohesabu wanyama wa Serengeti. Hapa niweke mzaha kando kidogo: Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, Michael akafa, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Milia haikuwa na kosa, wala ndege haikuwa mbovu.

Ukilala porini, zungushia magurudumu matawi ya miiba. Fisi hutafuna matairi, na yale ya inchi 31 yana nyama zaidi.

Sasa uamuzi wangu. Chukua Cessna 206. Gurudumu liko puani, viti sita, milango mipana ya mizigo, na mafundi wa Nairobi na Arusha wanaijua. Hakuna atakayekupiga picha. Na kama shemeji bado hajafungua kambi, ndege za abiria huondoka Wilson kila siku kwenda Mara. Nunua tiketi, ukae dirishani.