Geuza Unyayo: Mambo Saba ya Melanoma kwa Watu wa Ngara na Biharamulo

Ukisimama stendi ya Nyakanazi hata robo saa, vipaza sauti vitakuuzia dawa ya kila kitu: minyoo, bawasiri, mgongo, mapenzi yaliyopoa. Doa jeusi la unyayoni halina mpiga debe. Haliumi, haliwashi, halimzuii mtu kwenda shamba, kwa hiyo halina mteja. Leo tunalipigia debe bure, tukihesabu kinyumenyume.

7. "Mimi mweusi, saratani ya ngozi ni ya Wazungu"

Sentensi hii imebeba ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua. Melanoma huanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa Mzungu, jua ndilo mshukiwa mkuu, na uvimbe hujitokeza mgongoni, usoni au miguuni. Kwa mtu mweusi ugonjwa huu ni wa nadra, ila ukija huvizia pale ambapo rangi ni haba: unyayo, kiganja, chini ya kucha. Jua la Ngara ni kali, lakini halifiki unyayoni mwako labda ulale kifudifudi uani miguu ikiwa juu, na hapo majirani wataitwa kwa sababu nyingine kabisa.

Madaktari wa Bugando, Mwanza, ambako wagonjwa wa Kanda ya Ziwa hupewa rufaa, waliwahi kuchambua majalada ya wagonjwa 154 wa saratani za ngozi. Melanoma ndiyo iliyoongoza, na mguu ndio uliokuwa makazi yake makuu. Hao hawakuwa watalii.

6. Ndugu zetu wenye ualbino

Hapa utani upungue kidogo. Wengi hudhani wao ndio wahanga wakubwa wa melanoma. Sivyo. Katika uchambuzi mwingine wa Bugando, uliochapishwa mwaka 2012, kati ya watu 64 wenye ualbino waliougua saratani ya ngozi, mmoja tu alikuwa na melanoma. Robo tatu walikuwa na saratani nyingine, ile inayotokana na jua, ambayo ikikatwa mapema hupona. Seli za rangi wanazo. Jeni ya kuzitengenezea rangi, mara nyingi ile iitwayo OCA2, ndiyo yenye hitilafu.

Kinga yao ni kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua. Yako hata yanayotengenezwa kwetu, KCMC Moshi, kwa jina la Kilisun. Na wewe unayedanganywa na mganga kwamba kiungo cha binadamu mwenzako kitakutajirisha mgodini, sikiliza: dhahabu ya Tulawaka ilitoka kwa baruti na mashine.

5. Bob Marley hakuuawa na mpira

Kila kijiwe cha bodaboda kina mtaalamu wa Bob Marley, na kila mtaalamu atakwambia aliumia kidole akicheza soka, kidonda kikageuka saratani. Kidole ni kweli, mpira ni kweli, hitimisho ndilo lililopotea njia. Mwaka 1977 madaktari waligundua melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ya aina hiihii inayotupata sisi. Alishauriwa akatwe kidole, akakataa. Aprili 1980 alikuwa Harare, enzi hizo Salisbury, akiimba uhuru wa Zimbabwe. Mei 11, 1981 akafariki Miami akiwa na miaka 36.

4. Jeni zote zipo, ila si zote zipo kazini

Seli ya jicho lako na seli ya kisigino chako zina jeni zilezile, kama 20,000 hivi. Kinachozitofautisha ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. (Wengine tuna jeni ya uvivu isiyozimika, lakini hiyo wanasayansi bado hawajaithibitisha.)

Uvimbe wa saratani nao una orodha yake ya zilizowashwa, na siku hizi orodha hiyo husomwa. Mwaka 2015 watafiti walitoa matokeo ya kuchunguza melanoma 333. Wakaona uvimbe unagawanyika katika makundi matatu kufuatana na jeni zilizo kazini. Kundi moja lilikuwa na kelele za jeni za kinga, dalili kwamba askari wa mwili walikuwa wameshaingia ndani ya uvimbe na kupigana. Wagonjwa wa kundi hilo waliishi muda mrefu zaidi. Uvimbe uleule, kwa macho tu, lakini ndani yake mmoja una vita na mwingine umetulia. Ule uliotulia ndio wa kuogopa.

Angalizo la mtu mweusi: wagonjwa wale karibu wote walikuwa Wazungu. Unyayo wa Mhangaza haukuwa kwenye hesabu.

3. Kibali bandia

Kwa nini askari wengine wapite tu? Hebu twende Rusumo. Lori likifika mpakani na kibali chenye muhuri, afisa hulipungia mkono lipite. Seli ya saratani hujibandika protini juu yake, na seli ya kinga iitwayo T ikiigusa kwa kipokezi chake cha PD-1, hulegea na kuiachia njia. Kibali bandia, muhuri halisi.

Tasuku Honjo wa Japani ndiye aliyetambulisha PD-1 kwa ulimwengu. James Allison wa Marekani alishughulika na breki nyingine, CTLA-4. Mwaka 2018 wakagawana Tuzo ya Nobeli ya tiba. Dawa zilizozaliwa hapo haziui saratani zenyewe. Humzuia afisa asidanganyike. Zamani melanoma iliyosambaa mwilini haikumpa mgonjwa wa kawaida hata mwaka mmoja. Katika jaribio moja kubwa la kuunganisha dawa mbili za namna hii, asilimia 52 ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka mitano.

Kuna kioja kimoja kinachonifurahisha. Baadhi ya wagonjwa wanaotibiwa hivi hupata mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi, kwa sababu askari wakishachachamaa hushambulia kila seli ya rangi wanayokutana nayo. Na waliopata mbalanga huelekea kuishi zaidi. Mtu anabandukwa rangi huku daktari akitabasamu!

Sasa mabaya mawili. Jua huacha makosa mengi kwenye jeni za uvimbe, na makosa hayo ndiyo yanayousaidia mwili kumtambua mgeni. Melanoma ya unyayoni haikuchomwa na jua, ina makosa machache, inafanana mno na mwenyeji. Kwa hiyo dawa hizi huishika kwa ulegevu zaidi. La pili ni bei. Shirika la Afya Duniani lilizitia zile za PD-1 kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini Marekani tiba ya mwaka mmoja huzidi dola 100,000. Piga hesabu hiyo kwa mikungu ya ndizi uone kama Rulenge nzima itabaki na mgomba.

2. "Amekanyaga kitu kibaya"

Shangazi ameshatoa hukumu: umetegewa dawa njiani. Wembe unatafutwa, unachanjwa, unapakwa. Shikamoo shangazi, lakini wembe hauoni mizizi. Unakata juu, ugonjwa unabaki chini, na miezi inapita.

1. Milimita

Namba moja haihitaji mashine ya kusoma jeni. Mwaka 1970 daktari Alexander Breslow wa Marekani alionyesha kwamba unene wa melanoma, ukipimwa kwa milimita chini ya hadubini, unatabiri sana nani atapona. Uvimbe usiofika milimita moja ukikatwa, zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi huwa hai miaka mitano baadaye katika nchi zenye takwimu nzuri. Ukipita milimita nne, mambo hubadilika vibaya.

Tazama nini? Doa jeusi unyayoni au kiganjani linalokua, lenye kingo zisizolingana au rangi zilizochanganyika. Mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaozidi kupanuka, hasa weusi ukimwagikia ngozi ya pembeni. Kidonda cha mguu kisichopona. Mistari myembamba kwenye kucha kadhaa kwa pamoja ni kawaida kwa watu weusi, usianze kugawa urithi.

Ukiliona, nenda Murgwanza, Rulenge, Nyamiaga au hospitali ya Biharamulo mjini, uombe kinyama kikatwe kikapimwe. Ukipewa rufaa ya Bugando, kisingizio cha foleni ya kivuko hakipo tena: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 19, 2025. Na kesho asubuhi, kabla hujavaa gambuti, geuza unyayo uutazame. Wa kwako, kisha wa bibi, maana yeye kuinama hadi huko hawezi.